Mhakiki Ndani ya Mswada: Kazi ya Paul Dehn katika Filamu

Maisha ya Paul Dehn, aliyezaliwa Manchester mwaka 1912 na kufariki London mwaka 1976, kwa kawaida husimuliwa kama habari ya mtu aliyeacha kazi moja akashika nyingine: alihakiki filamu magazetini, kisha akawa mwandishi wa miswada ya filamu. Neno hilo “kisha” halipatani na tarehe. Dehn alianza kuhakiki filamu katika magazeti ya London mwaka 1936, na ukiondoa miaka ya vita hakuiacha kazi hiyo hadi 1963. Katikati ya kipindi hicho, mwaka 1952, yeye na James Bernard walipewa tuzo ya Oscar kwa hadithi ya filamu ya Seven Days to Noon. Na mswada wake wa Orders to Kill wa mwaka 1958 ulishinda tuzo ya BAFTA. Kwa zaidi ya miaka kumi, basi, alikuwa mhakiki na mtunzi kwa wakati mmoja. Nashikilia kwamba hata alipoliaga gazeti hakuuaga uhakiki. Kila alipopewa kitabu akigeuze kuwa filamu, alikisoma kama msomaji anayetakiwa kutoa hukumu: akatafuta kinapopwaya, na jibu lake akaliandika ndani ya mswada.

Ushahidi ulio wazi zaidi ni Goldfinger ya mwaka 1964. Katika riwaya ya Ian Fleming, tajiri Goldfinger anapanga kuiba dhahabu ya Marekani iliyohifadhiwa Fort Knox. Msomaji makini hujiuliza mara moja: mzigo mzito kiasi hicho utabebwaje kabla jeshi halijafika? Riwaya haina jibu la kuridhisha. Filamu inalichukua swali lenyewe na kumpa jasusi James Bond alitamke mbele ya adui yake. Bond anapiga hesabu: watu 60 wangehitaji siku 12 kupakia dhahabu yote katika malori 200, ilhali Goldfinger ana saa mbili tu. Hapo ndipo inapobainika kwamba hakusudii kuiba chochote. Atalipua bomu la nyuklia ndani ya hazina, dhahabu ya Marekani isigusike kwa miaka 58, na ile aliyonayo yeye ipande thamani mara kumi. Kosa la riwaya limegeuzwa kuwa fumbo la filamu. Naliona tukio hili kuwa uhakiki uliokamilika: pingamizi linatajwa, linapimwa kwa tarakimu, kisha linazaa wazo bora kuliko lile lililopingwa.

Atatokea wa kusema kwamba mswada wa Goldfinger una majina mawili, la Richard Maibaum na la Dehn, na kwamba The Spy Who Came in from the Cold (1965) aliiandika pamoja na Guy Trosper; kwa hiyo si haki kumpa mtu mmoja sifa ya kazi ya wengi. Pingamizi hili lina uzito, nami sidai kwamba kila sentensi ni yake. Ninachotazama ni mwelekeo unaojirudia hata pale alipoandika peke yake. Pingamizi la pili ni zito zaidi: huenda kilichomfinyanga ni vita, si gazeti. Wakati wa Vita Kuu ya Pili Dehn alitumikia idara ya siri ya Uingereza, SOE, na alikuwa miongoni mwa wakufunzi wa kambi ya mafunzo ya majasusi huko Ontario, Kanada. Orders to Kill, kisa cha kijana Mmarekani anayetumwa Paris kumuua mtu anayedhaniwa msaliti, akamzoea, akamuua, kisha akaambiwa kwamba marehemu hakuwa na hatia, haiwezi kutenganishwa na ujuzi huo. Nakubali. Vita vilimpa maudhui. Lakini waliopitia kambi zile walikuwa wengi. Wachache mno waliyageuza waliyoyajua kuwa swali juu ya amri yenyewe.

Kati ya kazi zake, filamu za Planet of the Apes ndizo hudharauliwa kuliko zote, zikiitwa kazi ya kuganga njaa. Ni kweli studio ilitaka mwendelezo kwa sababu ya fedha. Hata hivyo, tazama alichofanya Dehn. Beneath the Planet of the Apes (1970) inakwisha kwa dunia kuteketezwa na bomu, jambo lililoonekana kuifunga hadithi moja kwa moja. Mwaka uliofuata, katika Escape from the Planet of the Apes, aliwarudisha masokwe watatu nyuma katika wakati, hadi Marekani ya mwaka 1973. Katika filamu ya kwanza ya mfululizo, binadamu alihojiwa na baraza la masokwe waliokataa kuamini kwamba kiumbe wa namna yake aweza kusema. Sasa masokwe wanasimama mbele ya tume ya binadamu, na binadamu wanaonyesha woga uleule na ukatili uleule. Mtazamaji aliyejiona mwonewa anajikuta mwonevu.

Murder on the Orient Express (1974), iliyompa Dehn nafasi ya kuwania Oscar tena, inafuata riwaya ya Agatha Christie kwa uaminifu mkubwa, na kwa hiyo badiliko dogo linasema mengi. Christie anaufichua polepole, kupitia kwa mpelelezi Poirot, utekaji wa mtoto wa familia ya Armstrong ulio chimbuko la mauaji ndani ya treni. Filamu inaanza na mkasa huo, kwa picha na vichwa vya habari vya magazeti, hata kabla treni haijaondoka Istanbul. Mwishoni, Poirot wa riwaya anatoa maelezo mawili ya mauaji na kujiondoa katika kesi kwa utulivu. Poirot wa filamu anawaacha abiria wakigonganisha glasi zao, naye anakwenda kupambana na ripoti ya polisi, na dhamiri yake.