Gharama iliyojificha katika pezi la samoni

KATIKA mito ya kaskazini-magharibi mwa Marekani, hatima ya samaki aina ya samoni huamuliwa na pezi dogo laini lililo mgongoni, karibu na mkia. Vifaranga wanaozalishwa katika vituo vya kutotolesha samaki hukatwa pezi hilo kabla ya kuachiliwa kuelekea baharini. Mvuvi akimnasa samaki asiye na pezi, humchukua. Aliye nalo huhesabiwa kuwa wa asili, naye sharti arejeshwe majini akiwa hai.

Mtindo huu ulishika kasi baada ya samaki wa asili kupungua. Mnamo 1999, samoni aina ya Chinook wa Puget Sound, jimbo la Washington, waliorodheshwa miongoni mwa viumbe vinavyotishiwa kuangamia. Bila alama, kuwalinda hao kungewanyima wavuvi hata samaki waliozalishwa kwa fedha za umma. Ndiposa tangu 2003 Bunge la Marekani likaagiza samoni wa kuvuliwa, wanaotoka katika vituo vinavyogharimiwa na serikali kuu, watiwe alama.

Amri hiyo ilikuwa rahisi kuitoa kuliko kuilipia. Kazi iliyofanywa kwa mkono na makasi sasa hufanywa pia na mitambo ndani ya matrela, inayompima kila kifaranga na kumkata pezi bila kuguswa na mtu. Lakini mzigo mzito uko kwingine.

Awali, pezi lililokatwa lilimaanisha kwamba samaki amepachikwa puani kipande cha waya chenye nambari, kirefu kiasi cha milimita moja. Marekani na Kanada, zilizotia saini mkataba wa samoni mnamo 1985, huzitegemea nambari hizo kujua samaki wa mto upi amevuliwa wapi. Mkaguzi alitazama mgongo tu, akajua kichwa kipi cha kuchukua. Mapezi yalipoanza kukatwa kwa mamilioni, ishara hiyo ilipoteza maana. Pakahitajika vitambuzi vya kielektroniki, pamoja na watu wa kuvitumia kila samaki wanakoshushwa. Bajeti inayolipia makasi pekee imelipa sehemu ya deni tu.

Isitoshe, baadhi ya samaki wanaorejeshwa majini hufa kwa majeraha ya ndoana. Ili kukadiria hasara hiyo, vituo hulazimika kuweka waya katika makundi mawili, moja likatwe pezi na jingine liachwe nalo.

Makabila ya wenyeji asilia, ambayo hukumu ya Jaji George Boldt ya 1974 iliyatambulia haki ya kuvua hadi nusu ya samaki, yana shaka zake. Wavuvi wao wengi hutumia nyavu zinazomnasa samaki mashavuni, na samaki aliyenaswa hivyo ni vigumu kumwachilia akiwa mzima.