Ujumbe wa Mikrokontrola Waishia Wapi?
Tuseme fundi wa Rangwe, Homa Bay, ameunganisha mita ya maji na mikrokontrola kwa waya wa siriali. Herufi huja moja moja. Kwa biti 9600 kwa sekunde, kila moja huchukua takriban milisekunde 1. Programu ikisoma kwa pupa, 1250 huwa 12, na mwenye maji apunjika.

Njia ni tatu: alama ya mwisho, kama GPS inavyofunga kila sentensi kwa herufi namba 13 na 10, urefu utajwao mwanzoni, au kimya, kama Modbus RTU ingojayo muda wa herufi 3.5. Kusanya kwanza, hakiki jumla, ndipo utende. Na uweke kikomo cha kungoja, kwani waya hukatika. Haraka haraka haina baraka.