Kabla Utupe Redio Kaseti ya Mzee

Nyumba nyingi Kenya zimepitia hii safari: santuri, redio kaseti, stirio ya CD, sabufa, na sasa kaspika ka Bluetooth. Wazee husema sauti ya zamani ilikuwa tamu. Mimi nakataa. Sikiza kaseti iliyokopiwa mara nne halafu uniambie utamu uko wapi. Kuna kitu ingine tulipoteza, na hatukitaji.

Santuri ilikuwa ya kusikiliza tu. Kina Fadhili William na Daudi Kabaka walirekodi studio Nairobi, wewe ukanunua, ukacheza, basi. Mwaka wa 1963 Philips wakatoa kaseti, na kufikia miaka ya 80 redio kaseti ilikuwa imekaa juu ya kabati, imefunikwa kitambaa. Hiyo mashine ilikuwa na kitufe cha kurekodi. Unakifinya pamoja na cha kucheza, na sauti ya mtu yeyote pale sebuleni inaingia kwa mkanda. Hakuna studio, hakuna kuomba ruhusa.

Ndiyo maana taarab nyingi ya Juma Bhalo imetufikia kwa kaseti zilizorekodiwa harusini. Ndiyo maana pia kuna familia za Mombasa zilizotuma kaseti Uarabuni badala ya barua: dakika 30 za mama, ukigeuza upande wa pili, dada na majirani.

Halafu tukataka besi. Sabufa ikaingia, inatetemesha ploti nzima, lakini kurekodi haijui. Utaniambia simu inarekodi. Sawa, ile sauti mamako alikutumia WhatsApp mwaka juzi bado uko nayo? Ama ulifuta upate nafasi?

Kwetu redio kaseti ilienda na mtu wa vyuma kuukuu. Mwaka jana nikapata kaseti chini ya kitanda, imeandikwa kwa biro: "Shosho, Krismasi 1991". Nilizunguka hadi nikaazimwa mashine na jirani. Dakika kumi na moja, shosho anataja wajukuu wake mmoja mmoja kwa majina. Kabla afike kwa mwisho, klak! Rumba. Mtu alirekodi redio juu yake.

Nikamwangalia mzee. Akasema polepole, "Ni mimi. Sikuwa na kaseti nyingine."

Kwa hivyo usicheke hizo kaseti zenye vumbi. Kwanza, vunja kale kaplastiki kadogo kwa ukingo wa juu, ndio mtu asirekodi juu yake tena. Pili, tafuta mashine inayofanya kazi, uijaribu na kaseti ya bure isije ikameza ile ya maana. Tatu, weka simu karibu na spika, rekodi, utumie ndugu zako wote. Ukungu na joto zinakula mkanda kila mwaka.

Sabufa itakungoja. Shosho hatarudia.