Mzamo: Kipimo Kinachotawala Ufufuaji wa Boti ya Faiba

Mzamo wa chombo ni umbali wa wima kutoka usawa wa maji hadi sehemu ya chini kabisa ya chombo hicho kinapoelea, na katika uvuvi wa maji ya kina kifupi hakuna kipimo kingine kinachoamua mambo mengi kama hiki. Neno lenyewe linatokana na kitenzi zama, kwa utaratibu uleule uliozaa mchezo kutokana na cheza. Habari za bandarini husema mara nyingi kwamba meli fulani ina kina cha mita kadhaa, usemi ambao mabaharia wanauelewa lakini unamkanganya msomaji, kwa sababu kina ni sifa ya maji kabla ya kuwa sifa ya chombo. Wengine hutohoa na kuandika drafti, na ingawa utohozi huo si kosa, haumwonyeshi mvuvi uhusiano wa istilahi na jambo analoliona kila siku kwa macho yake. Mzamo unayaachia maji neno kina na kukipa chombo neno lake, hata sheria nzima ya maji mafupi ikaweza kuelezwa kwa ufupi: mzamo ukilingana na kina, chombo hupwelewa, yaani hukwama chini na kusubiri maji yajae.

Umuhimu wa istilahi hii unaonekana wazi katika bonde la Mto Pangani. Milima ya Usambara humwaga sehemu ya maji yake katika Mto Lwengera, nao huingia Pangani karibu na mji wa Korogwe. Mto huo mkubwa hushuka kutoka bwawa la Nyumba ya Mungu, hupita Hale ambako mtambo wa umeme wa megawati 21 ulianza kazi mwaka 1964, kisha huingia baharini penye mji wa Pangani. Ziwa Jipe, lililo juu katika bonde hilohilo mpakani na Kenya, lina kina kifupi mno na kingo zake zimesongwa na magugu. Pwani nako, maji ya bamvua hupanda na kushuka kwa zaidi ya mita 3, hivyo mafungu ya mchanga yanayopitika alfajiri huwa makavu kabla ya adhuhuri. Wenyeji wa maji haya walikwisha kulipatia tatizo hilo ufumbuzi kwa mtumbwi, ngalawa na upondo, ule mti mrefu wa kusukumia chombo pasipofaa kasia. Na inafurahisha kuona kwamba huko Florida, Marekani, wavuvi wa maji ya magotini nao huzima mashine na kusukuma boti zao za faiba kwa upondo, wakiwa wamesimama juu ya jukwaa lililojengwa nyuma.

Mzamo unatawaliwa na kanuni ya Archimedes, kwamba chombo kinachoelea husukuma kando maji yenye uzito sawa na uzito wake wote. Kutokana na kanuni hiyo, boti ambayo eneo lake kwenye usawa wa maji ni mita za mraba 6 huzama sentimita 1 zaidi kwa kila kilo 60 inazoongezewa katika maji ya mto, na kwa kila kilo 61 na nusu baharini, kwa kuwa maji ya chumvi ni mazito zaidi kwa takriban asilimia 2.5. Sentimita 1 inaonekana kuwa kitu kidogo, lakini boti ndogo ya maji mafupi huelea kwa mzamo wa sentimita 15 au 20 tu, na uzito ukikusanyika upande wa nyuma, tezi, yaani nyuma ya chombo, hudidimia na omo, yaani mbele yake, huinuka, hivyo sehemu ya chini kabisa hushuka kuliko hesabu hiyo inavyoonyesha.

Hapo ndipo boti kuukuu ya faiba inapohitaji kutazamwa kwa makini. Katika mazungumzo ya kila siku neno faiba hutaja kitu kizima, ilhali ndani yake mna vitu viwili vilivyoshikamana: nyuzi za kioo, ambazo hustahimili mvuto, na rezini, ambayo ni kimiminika kinachoganda na kuzishika nyuzi mahali pake. Mchanganyiko huu, ulioanza kutumika kujengea boti Marekani katika miaka ya 1940, hauozi; kinachooza ni mbao zilizofunikwa ndani yake, hasa ubao wa tezi unaobeba mashine na taruma zilizo chini ya sakafu. Maji hupenya kupitia matundu ya skrubu yasiyozibwa, hulowesha plaiwudi na povu gumu lililojazwa chini ya sakafu ili boti isizame, na kwa kuwa yamefungiwa ndani, hayakauki hata boti ikianikwa juani miezi mingi. Boti ya namna hiyo inaweza kung'aa kwa rangi mpya huku imebeba makumi ya kilo za maji yasiyoonekana, na mmiliki wake hushangaa kwa nini inapwelewa mahali ilipokuwa ikipita zamani.

Uchunguzi huanza kwa kugongagonga. Fundi hupita na mpini wa bisibisi juu ya sakafu na tezi, akisikiliza: palipo pazima hutoa mlio mkavu unaoruka, palipooza hutoa mlio mzito unaofia palepale. Akipata shaka hutoboa tundu dogo kwa ndani, sehemu ya chini ya tezi. Unga wa mbao ukitoka mkavu na mweupe, ubao ni mzima, lakini ukitoka kama matope meusi yenye harufu ya uvundo, ubao wote hauna budi kuondolewa. Sakafu hukatwa, povu lililolowa hung'olewa lote, kisha ganda huachwa likauke kabisa, kwani rezini haishiki vizuri penye unyevu.

Kosa la kawaida katika hatua ya kujenga upya ni kudhani kwamba unene ni nguvu. Mkeka wa nyuzi zilizokatwa hunywa rezini kilo 2 hadi 2.5 kwa kila kilo ya nyuzi, ilhali kitambaa kilichofumwa hutosheka na kilo 1 hivi, na rezini inayozidi kiasi hicho huongeza uzito bila kuongeza uimara. Kwa sababu hiyo fundi mzuri hukamua rezini kwa rola mpaka nyuzi zionekane zimelowa bila kuelea. Kingo za mahali panapozibwa husagwa kwa mshazari mrefu, upana wake ukiwa mara 12 ya unene wa ganda, ili tabaka jipya lishike eneo kubwa la lile la zamani. Kazi hiyo hutoa vumbi la kioo linalodhuru mapafu, kwa hiyo barakoa na miwani ni vifaa vya lazima; nacho kigumishi, kinachotiwa kwa kiasi cha asilimia 1 hadi 2 ya rezini, kinaweza kupofusha kikiruka jichoni. Katika joto la Korogwe au Pangani rezini huganda upesi, hivyo ni busara kuchanganya kidogokidogo na kufanya kazi asubuhi.

Uchaguzi wa mashine nao ni suala la mzamo. Mashine za mipigo minne hutumia mafuta kidogo, lakini kwa nguvu ileile huwa nzito kuliko zile za mipigo miwili ambazo boti nyingi za zamani zilibuniwa kuzibeba, hivyo anayebadilisha mashine hana budi kusogeza tangi la mafuta na betri kuelekea omo, la sivyo tezi itarudi kudidimia.

Boti iliyokwisha kufufuliwa huteremshwa majini ikiwa tupu, maji yakiwa yametulia, kisha mstari wa maji hutiwa alama kwenye omo na kwenye tezi, na kupimwa kutoka chini kwa sentimita. Alama hizo hupakwa rangi isiyofutika na vipimo vyake huandikwa daftarini pamoja na jina la mahali, kwa sababu boti iliyopimwa Korogwe kwa mzamo wa sentimita 20 itainuka nusu sentimita hivi ikifika bahari ya Pangani. Baada ya msimu mmoja boti hupimwa tena ikiwa tupu vilevile, mahali palepale. Maji yakionekana yamepanda juu ya alama, kuna tundu linalovuja, na skrubu za tezi ndizo za kufunguliwa kwanza.