Treni Iliyoutangulia Mpaka

Stesheni ya Kampala ipo pale pale ilipojengwa, chini ya mji, karibu na Jinja Road. Treni ya abiria inayotoka hapo inaishia Namanve, safari fupi iliyoanza Desemba 2015 na ambayo tangu hapo imekuwa ikisimama na kurejea. Anayekwenda Nairobi hukata tiketi ya basi, akakesha njiani magoti yamekunjwa. Huko Ulaya mtu hupanda treni Paris akashuka Brussels bila kuulizwa pasipoti, nasi tunasimuliana habari hizo kwa mshangao, kana kwamba Kampala haijawahi kuyaona mambo hayo. Imeyaona, tena kwa miaka mingi.

Wengi husahau kwamba huku kwetu reli ndiyo iliyotangulia, mpaka ukafuata. Ujenzi ulianza Mombasa mwaka 1896, na Waingereza wakaiita Reli ya Uganda kwa kuwa shabaha yao ilikuwa Ziwa Victoria na chanzo cha Mto Nile. Vibarua wapatao 32,000 waliletwa kutoka Uhindi. Karibu 2,500 kati yao walikufa. Simba wa Tsavo ndio wanaosimuliwa zaidi, ingawa waliouawa na maradhi na ajali ni wengi kuliko walioliwa. Nairobi ilifikiwa 1899, na tarehe 20 Desemba 1901 reli ikagusa ziwa mahali palipoitwa Port Florence, yaani Kisumu.

Siku hiyo Kisumu ilikuwa Uganda. Jimbo la Mashariki la Uganda lilienea hadi maeneo ya Naivasha. Miezi minne haikupita: Aprili 1902 serikali ya London ililikata jimbo hilo na kulitia katika himaya jirani, ile iliyokuja kuitwa Kenya, ili njia nzima ya reli iwe chini ya utawala mmoja. Reli ya Uganda ikabaki na jina lake, haina hata stesheni moja ndani ya Uganda.

Kwa hiyo msafiri wa Kampala wa enzi hizo alishuka kwanza Port Bell, akapanda meli. Winifred, Sybil na Clement Hill zililetwa vipande vipande kutoka Uingereza, zikasafirishwa kwa reli na kuungwa Kisumu. Akivuka ziwa ndipo aione treni. Kilicholeta reli upande huu ni pamba zaidi ya abiria. Mwaka 1912 ilifunguliwa njia ndogo kutoka Jinja hadi Namasagali ya kubebea pamba ya Busoga, na baadaye njia kuu ikaanza kusogea kutoka Nakuru: Eldoret mwaka 1924, baada ya kuupanda mlima wa Timboroa ulio zaidi ya mita 2,700 juu ya usawa wa bahari, kisha Tororo, kisha Jinja. Hapo Nile ikaizuia. Daraja la chuma lilipokamilika mwaka 1931, treni ikipita juu na magari chini yake, ndipo Kampala ikaunganishwa moja kwa moja na Nairobi na Mombasa. Reli yenye jina la Uganda ilikuwa imechukua miaka 35 kufika mji mkubwa wa Uganda.

Tusiipambe mno safari yenyewe. Daraja la kwanza lilikuwa na vyumba vya watu wawili, shuka zimetandikwa, na mhudumu alipita koridoni akigonga kengele kuwaita watu kwenye behewa la chakula. Daraja la pili walilala wanne wanne, wanaume mbali na wanawake mbali. Daraja la tatu lilikuwa benchi za mbao, vifurushi na watoto mapajani, na wakati wa ukoloni huko ndiko Mwafrika alikojikuta, awe na nauli au asiwe nayo. Lakini Malaba, penye mpaka, ilikuwa stesheni kama stesheni nyingine. Kenya na Uganda zilikuwa na ushuru wa forodha wa pamoja tangu 1917. Shilingi ya Afrika Mashariki ilinunua chai Tororo na ikanunua chai Eldoret. Tangu 1948 hata shirika la reli lilikuwa moja kwa nchi zote tatu, Tanganyika ikiwemo.

Siasa ndiyo iliyoifanya Malaba kuwa mpaka. Mwaka 1970 serikali ya Rais Obote wa Uganda iliwafukuza maelfu ya wafanyakazi kutoka Kenya, na reli ilikuwa miongoni mwa waajiri wao wakubwa. Miaka miwili baadaye, Rais Amin alipowapa Waasia siku 90 za kuondoka Uganda, baadhi yao waliondoka Kampala kwa treni hii hii kwenda kupanda meli Mombasa. Reli iliyojengwa na vibarua kutoka Uhindi ikawarudisha baharini watu wenye asili ya huko huko. Februari 1976 Amin alifufua ramani ya kabla ya 1902, akadai magharibi ya Kenya hadi kilomita 32 hivi kutoka Nairobi. Kihistoria hakuwa amebuni. Kisiasa ilikuwa balaa. Wapakuzi wa bandari ya Mombasa waligoma kushughulikia shehena za Uganda, na mwaka uliofuata Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika. Mabehewa yakagawanywa, kila nchi ikawa na shirika lake la reli.

Treni ya abiria kati ya Kampala na Nairobi haikufa siku moja. Ilikatika, ikarudishwa, na kufikia mwisho wa miaka ya 1990 ikawa haipo tena. Kampuni binafsi iliyokabidhiwa reli za nchi zote mbili mwaka 2006 ilivusha mizigo tu mpakani hadi mkataba wake ulipovunjwa 2017.

Na hapa ndipo penye kinaya kikubwa: tangu Januari 2014 raia wa Uganda anaingia Kenya kwa kitambulisho cha taifa tu. Ruhusa imerudi, treni haijarudi.

Oktoba 2024 serikali ya Uganda ilitia saini na kampuni ya Kituruki ya Yapı Merkezi mkataba wa reli ya kisasa ya kilomita 272 kati ya Kampala na Malaba. Ile ya Kenya, ilipozinduliwa kutoka Nairobi mwaka 2019, iliishia Suswa, karibu na Naivasha, kule kule ulikopita mpaka wa Uganda kabla ya 1902. Mkataba wa Kampala haufiki huko. Kilomita zilizobaki kati ya Malaba na Suswa ni za Kenya kujenga.