Upungufu wa oksijeni wakati wa endoskopia
Hali ya oksijeni ya damu kushuka, kwa kawaida chini ya asilimia 90, mgonjwa aliyetulizwa kwa midazolamu au propofoli anapopumua kidogo mno au koo linapoziba. Hatari huongezeka mahali pa juu kama mji wa Kitale, ulio takriban mita 1,900 juu ya usawa wa bahari. Hewa huko ni nyepesi, hivyo akiba ya oksijeni mwilini ni ndogo tangu mwanzo. Kinga hutangulia dawa: oksijeni kwa mrija wa puani, dozi ndogo ya dawa ya kutuliza inayoongezwa polepole, kipimaoksijeni kidoleni (rangi ya kucha ifutwe). Kifaa hicho huchelewa: mwenye oksijeni ya ziada aweza kuacha kupumua huku namba ikipendeza. Muuguzi makini hutazama kifua. Namba ikishuka, taya husukumwa mbele na mgonjwa huamshwa.