Jifya la Pembeni: Elizabeth wa Toro katika Sinema

Wahenga walinena kwamba jifya moja haliinjiki chungu. Sisi tufundishao fasihi huikumbuka methali hii kila tufikapo katika somo la wahusika. Wanafunzi wetu hapa Lobule, katika wilaya ya Koboko, hupenda kumtaja mhusika mkuu na kumwacha msaidizi kando, kana kwamba chungu kimekaa hewani. Kwa hiyo tumeona yafaa kuwaeleza wasomaji habari za mchezaji mmoja wa sinema, mwanamke wa Uganda, ambaye katika filamu yake iliyoenea zaidi hakuwa mhusika mkuu, lakini pasipo yeye hadithi ile isingesimama. Tena habari zake zinatugusa sisi watu wa Koboko kwa namna isiyo rahisi kuitamka.

Elizabeth Bagaaya alizaliwa mwaka 1936 katika nyumba ya kifalme ya Toro, magharibi ya Uganda. Baba yake alikuwa Omukama Rukidi wa Tatu. Alisoma Gayaza, kisha akapelekwa Uingereza, ambako alihitimu masomo ya sheria katika Chuo Kikuu cha Cambridge. Mwaka 1965 alipokewa katika uwakili wa Uingereza, akiwa wa kwanza miongoni mwa wanawake wa Afrika ya Mashariki. Mwaka 1967 falme za Uganda zilifutwa. Binti huyu wa mfalme akaingia katika kazi ya kuonyesha mitindo ya mavazi, kwanza London na baadaye New York, na picha zake zikatokea katika majarida makubwa kama Vogue. Kutoka hapo sinema haikuwa mbali. Mapema katika miaka ya 1970 alicheza katika filamu iliyotokana na riwaya za Chinua Achebe, pamoja na Johnny Sekka na Orlando Martins.

Hapa ndipo njia yake inapokutana na yetu. Idi Amin, ambaye ukoo wa baba yake ni wa Koboko, alitwaa serikali Januari 1971. Alimpa Elizabeth kazi ya ubalozi, na Februari 1974 akamfanya Waziri wa Mambo ya Nchi za Nje. Serikali hiyo ndiyo iliyotoa amri mwaka 1973 kwamba Kiswahili kiwe lugha ya taifa, jambo ambalo sisi walimu wa lugha hii hatuwezi kulisahau. Lakini serikali hiyohiyo, ilipomfukuza waziri huyu Novemba 1974, ilimtangazia ulimwengu mzima shutuma ya aibu, kuwa alifanya uchafu katika uwanja wa ndege wa Paris. Ushahidi haukutolewa. Alizuiliwa nyumbani, kisha akatorokea Kenya. Baadaye aliyashtaki magazeti ya Ulaya yaliyoichapisha kashfa ile, na akashinda.

Miaka kumi baada ya kufukuzwa kwake, yaani mwaka 1984, ilitolewa filamu ya Kimarekani iitwayo Sheena, iliyoongozwa na John Guillermin na kupigwa nchini Kenya, katika ardhi ileile iliyompokea mkimbizi. Mhusika mkuu ni mwanamke mzungu, naye alichezwa na Tanya Roberts. Elizabeth alicheza mganga wa kabila la kubuniwa liitwalo Wazambuli. Hatutaisifu filamu hii kupita kiasi. Wakosoaji wengi waliidharau, na ni dhahiri kwamba ina kasoro ya zamani: inamvika mgeni ushujaa wa nchi ya watu weusi, na wenyeji inawaweka pembeni.

Hata hivyo, tumtazame huyo wa pembeni. Mtoto mzungu amefiwa na wazazi; mganga ndiye amleaye. Lugha ya wanyama, ambayo ndiyo nguvu yote ya shujaa, alifundishwa naye. Mganga anaona kwa ndoto kwamba mfalme atauawa, anashika njia kwenda mjini kumwonya, naye anakamatwa. Mfalme anauawa kweli, na hatia anatwikwa yeye, hali wauaji wamo katika jumba la enzi. Basi mwanamke aliyewahi kuzuliwa uongo na wenye mamlaka alisimama mbele ya kamera kuigiza mwanamke aliyezuliwa uongo na wenye mamlaka. Alifanya hivyo kwa utulivu, bila kelele, na utulivu huo ndio ulioipa filamu ile heshima kidogo iliyokuwa nayo.

Wapo wazee wetu wasemao kwamba habari za Amin na binti wa Toro zisiletwe darasani, kwa kuwa yule ni mtu wa kwetu. Twawaheshimu wazee, lakini katika hili hatukubaliani nao. Amin alipoangushwa mwaka 1979, watu wa West Nile walihesabiwa wote kuwa na hatia ya mtu mmoja. Mwaka huo na uliofuata, maelfu walikimbilia Zaire na Sudan. Sisi tumeonja uchungu wa kushutumiwa bila kosa. Je, twawezaje kunyamaza alipoonjeshwa mwingine, ati kwa sababu aliyemwonjesha ni ndugu? Kuyasema yaliyotendeka si kumsaliti ndugu. Ni kuitakasa lugha ileile iliyotumika kuchafua jina la mtu.

Elizabeth alirudi katika utumishi wa nchi yake. Mwaka 1986 alipelekwa Marekani akiwa balozi, akakaa huko hadi 1988. Nasi huku Lobule, tangu mwaka 2013, tumekuwa wenyeji wa wakimbizi kutoka Kongo, nchi iliyotupokea sisi zamani. Watoto wao huketi pamoja na wetu, wakileta Kiswahili chao ambacho kina mengi ya kutufunza.

Tunapendekeza kwa walimu wenzetu swali moja la kuanzia somo la wahusika: katika hadithi hii, ni nani aliyemfundisha shujaa? Wanafunzi wakilijibu hilo, watakuwa wameyaona mafiga yote matatu. Huenda pia wakamtambua mtu mmoja anayesimama mbele yao kila siku, chaki mkononi.